Kuanzia Mwerezi Hadi Hisopo

Somo: 1 Wafalme 4:29–34

Hukumu ya Sulemani juu ya wale wanawake wawili waliogombea mtoto tunaihubiri kila mara. Sura inayofuata huwa tunaipita mbio, nayo ndiyo inayotuonyesha hekima ile ilienea hadi wapi. Mwandishi anahesabu mithali 3,000 na nyimbo 1,005, kisha anaongeza jambo ambalo wengi hatulitazamii kwa mfalme: Sulemani alinena habari za miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo inayoota ukutani, tena za wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Watu wa mataifa wakaja kumsikiliza.

Mwerezi kila apitaye huuona. Mmea mdogo ulioshika ukuta huonwa na aliyesimama, na mfalme huyu, pamoja na shughuli zake zote, alisimama. Naamini hapa ndipo malezi yetu yanapopungua. Tunawakaririsha watoto kwamba Mungu aliumba vyote, lakini hatuwapi nafasi ya kukitazama vizuri hata kimoja.

Daftari la kawaida na penseli vinatosha. Mpeleke mtoto kwenye mti wenye viota vya kwera. Aandike tarehe, mahali na hali ya hewa, kisha achore anachokiona, si anachodhani anakijua. Anayechora kwa kukisia huenda akauweka mlango wa kiota ubavuni. Anayetazama atakuta unaelekea chini. Akivumilia, atamwona dume akichana majani kuwa nyuzi na kuyasuka kwa mdomo, kisha akining'inia chini ya kiota huku akipigapiga mabawa ili jike aje akikague. Majike wakikikataa, dume aweza kukibomoa na kuanza kingine. Hayo hayaonekani kwa siku moja, kwa hiyo mrudi palepale. Mchoro ukienda kombo usimsahihishe; muulize tu ameona nini zaidi.

Jioni someni Ayubu 39, ambapo Bwana anamuuliza Ayubu kama anajua majira ya kuzaa kwa mbuzi wa majabali. Maswali yanafuatana, na Ayubu hana jibu. Basi mzazi asione haya daftari likijaa maswali yaliyomshinda. Mtoto akitaka kujua kwa nini kwera wamejaa mti huu wakauacha ule wa jirani, liandikeni swali hilo pamoja, na chini yake mwache mistari mitupu.