Niliandika Moja

Baada ya kumaliza kidato cha 4 nilikaa mtaani na daftari langu la riwaya isiyokwisha, mpaka nikapata kibarua cha siku 12: kupita nyumba kwa nyumba na fomu, kuwauliza kina mama juu ya uzazi na mapenzi. Hela kidogo, lakini hela ni hela.

Swali moja lilinitesa. "Katika miezi 12 iliyopita umefanya tendo la ndoa na wanaume wangapi?" Hebu lisikilize lenyewe: tendo la ndoa, halafu wangapi! Vijana wenzangu waliohoji wanaume walirudi wanacheka, maana huko watu walitaka waongezewe. Sasa hao wote walikwenda na nani, ikiwa kwangu kila mwanamke alijibu mmoja?

Dada mmoja alikuwa anashona uani. Hatua tatu kutoka hapo mama mkwe wake anapepeta mchele. Nilipouliza, cherehani ikasimama. Akanitazama weee, kisha akasema polepole, "Mdogo wangu, andika utakavyo."

Kulikuwa na kisanduku cha "hakujibu". Lakini msimamizi wetu alishatuonya kwamba fomu zenye mapengo zinarudishwa. Nikaandika 1. Ana mume, si ndiyo?

Tangu siku ile najiuliza ni nani aliyesema uongo pale. Yeye hakudanganya. Alinyamaza, na sioni deni la ukweli alilokuwa nalo kwangu, mtu niliyeingia na kalamu asubuhi ile. Najua watu hudanganya pia. Vijijini Mwanza watafiti walilinganisha majibu ya vijana na vipimo vya mimba na magonjwa ya zinaa, matokeo yakachapishwa 2004: wengi waliokutwa navyo, hasa wasichana, walikuwa wamesema hawajawahi. Uongo wa namna hiyo angalau ni wa mwenyewe, ana sababu zake. Na kimya nacho kinasema kitu: anayepanga zahanati akiona visanduku vingi vimeachwa, atashtuka, atauliza kuna nini uani kule. Mimi nilimzibia asiulize.

Mtunzi huzoea kuwasemea watu. Nikimpa mhusika wangu bwana wa pili, nani atanishtaki? Ila yule dada hakuwa mhusika wangu.

Fomu zilishaingizwa kwenye kompyuta. Ile 1 yangu imo, imejumlishwa na za wenzake.