Fundi Anaporudi Darasani

Mafundi wengi wa Tanzania, wawe waashi, maseremala au wa magari, walijifunza kazi kwenye gereji, karakana na saiti, chini ya fundi mzoefu, bila kupita chuoni. Ujuzi wanao, cheti hawana. Pengo hilo huonekana pale mwajiri au mtoa zabuni anapodai karatasi.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa aina hiyo. Fundi hupimwa kwa vitendo, kisha hufundishwa yale anayopungukiwa, mathalani kusoma michoro, usalama kazini au kukadiria gharama. Akifaulu, hutunukiwa cheti bila kuanza upya miaka ya chuo.

Ugumu hubaki kwenye muda, maana saa ya darasa ni saa isiyo na kipato, na kwenye haya ya mtu mzima kushika daftari tena. Hata hivyo, mkono uliozoea kazi huelewa nadharia upesi, kwa kuwa maswali yake umeshakutana nayo. Elimu haina mwisho. Fundi anayenoa randa yake kila asubuhi hana sababu ya kuacha akili iwe butu.