Ndege ya Kwenda Mbali, Mafuta ya Nairobi

Asubuhi ya tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 175. Ni safari fupi, yapata kilomita 1,160, mwendo wa saa mbili hivi. Haijafika mbali, wanaume watatu walivamia chumba cha marubani, wakamwamuru rubani mkuu, Leul Abate, awapeleke Australia.

Tupige hesabu. Kutoka Addis Ababa hadi Perth, magharibi mwa Australia, ni zaidi ya kilomita 9,000. Ndege ikienda kilomita 850 kwa saa, itahitaji muda wa takriban saa 11. Watekaji walikuwa wamesoma katika jarida la abiria kwamba ndege ya aina ile huweza kukaa angani kwa muda huohuo. Kwao, hesabu ilikuwa imetimia.

Kumbe jarida lilitaja uwezo wa ndege iliyojazwa mafuta. Kwa kawaida ndege haijazwi pomoni kwa kila safari, kwa sababu mafuta nayo ni mzigo: yakizidi, injini hutumia mengi zaidi ili kuyabeba. Hutiwa ya safari iliyopangwa, pamoja na akiba ya kusubiri zamu ya kutua au kwenda uwanja mwingine. Leul aliwaeleza kuwa mafuta hayatoshi. Wakamwona mwongo.

Akaambaa na pwani kuelekea kusini. Walipomlazimisha kuiacha nchi kavu, akaielekeza ndege Komoro. Baada ya takriban saa nne angani, injini zilizimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, kisiwa kimojawapo cha huko. Watu 125 walifariki, wakiwamo watekaji wote watatu na Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984.

Wapo walionusurika na kishindo lakini wakafa maji. Walikuwa wamejaza hewa jaketi zao za kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuifikia milango. Rubani alikuwa ameonya zisijazwe ndani. Katika taharuki ile, wengi onyo halikuwafikia au hawakulielewa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa waliovunjika zaidi ni wasio na hatia. Ukiona umbali na muda wa safari vimeandikwa, uliza vimepimwa katika hali gani. Anayekiendesha chombo akisema hakifiki, mwamini. Nawe abiria, wahudumu wanapoonyesha namna ya kuvaa jaketi, weka simu chini utazame: jaketi hujazwa hewa ukiwa unatoka mlangoni, kamwe si kitini.