Kibano Chini ya Kiti
Niliuza pikipiki yangu Muthurwa, karibu na zile nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli, na kuna kitu sikumwambia mnunuzi.

Betri yake ya ampea-saa 9 ilikufa wakati wa karo. Pesa niliyokuwa nayo ilitosha ya 5 tu. Volti ni zile zile 12: taa zinawaka, honi inalia, stata inavuta ukiwa mpole nayo asubuhi. Shida ilikuwa nafasi. Kisanduku cha betri kubwa kiliiacha hii ndogo ikicheza kama njugu ndani ya mkebe. Nikaibana na kipande cha ndara. Wiki ya pili, kwenye barabara ya Landhies, betri ikalala, ncha ya posi ikagusa fremu ikapiga shoti, nikasikia harufu ya plastiki inaungua huku nimebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Hakujua kitu. Alilipa, akanibariki.

Nikavuka hadi Kamukunji. (Mwaka 1992 serikali iliandika neno jua kali kwenye waraka rasmi wa Bunge. Jua lenyewe bado linawachoma.) Mzee mmoja akakata chuma bapa cha milimita 3, akakikunja mara mbili kwenye jiliwa, akatoboa matundu mawili. Nikakivisha mpira wa tyubu kuukuu, na ncha ya posi nikaifunika kwa mpira uleule.

"Nati hii italegea," mzee akasema. "Kila Jumapili, spana ya kumi, robo mzunguko. Kama hutaweza, usipande hii kitu."

Miaka miwili sikukosa Jumapili hata moja.

Kuna wanaosema kazi kama hiyo ni udanganyifu kwa sababu inafichwa chini ya kifuniko. Mimi sikubali. Vya kiwandani pia vimefichwa, na kibano kile kilishika betri sawasawa. Lakini kilikuwa na sehemu mbili: chuma na ile Jumapili. Chuma kilibaki kwenye pikipiki. Jumapili nilikuwa nayo mimi kichwani.

Kijana alipiga stata mara moja, ikaitika. Akauliza tairi, cheni, kama imewahi kuanguka. Betri hakuuliza. Nikajiambia anayeuliza ndiye hujibiwa, biashara ni biashara, nikahesabu pesa. Jioni nikinawa mikono aliyenijia akilini hakuwa kijana, ni yule mama. Yeye angeuliza nini? Abiria anauliza bei tu.

Nikapiga simu. "Kijana wangu, kuna nati chini ya kiti, lazima uikaze kila wiki."

"Mzee, kwani haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi sawa." Akakata.

Jumapili nilishuka stejini kwake na spana mfukoni. Wenzake wakaniambia ametoka sasa hivi, amebeba watu wawili.