Kuulizwa U Nani

Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, sensa ya Meksiko iliuliza kuhusu kila mkazi kama anajihesabu kuwa mtu wa asili ya Kiafrika, kwa kuzingatia wahenga na mila zake. Watu 2,576,213 walihesabiwa hivyo, takriban wawili katika kila mia. Mwaka 2015, uchunguzi wa kaya wa kitaifa uliouliza swali kama hilo ulikuwa umekadiria 1,381,853. Uzazi wa miaka mitano hauwezi kuongeza watu kiasi hicho. Je, hawa milioni moja na zaidi walikuwa wapi?

Jibu jepesi ni kwamba walikuwa wamejificha. Silikubali, kwa sababu linamlaumu aliyefunikwa. Vijiji vya watu weusi vya Costa Chica, kwenye pwani ya Pasifiki katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca, havikujificha kamwe. Huko, kila Siku ya Wafu, vijana huvaa vinyago na kucheza Ngoma ya Mashetani, taya la mnyama likikwaruzwa na kugongwa kama ala. Watu walionekana siku zote; kilichofunikwa ni maana ya kuwapo kwao. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1910, taifa lilijisimulia kuwa ni mtoto wa wazazi wawili, wenyeji wa asili na Wahispania. Waafrika takriban 200,000 walioingizwa utumwani enzi za ukoloni, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola, na baadhi kutoka pwani ya Msumbiji kwa njia ya Manila, hawakupata nafasi katika nasaba hiyo. Simulizi lenyewe lilitaka kuwaunganisha watu, na hilo si jambo la kubeza. Lakini liliwaunganisha kwa kuwanyamazia baadhi yao.

Utambulisho, basi, ni nini? Si damu tupu, wala si rangi. Nauona kuwa ni mapatano kati ya mtu anavyojijua na jamii inavyomjua, na upande mmoja ukikataa, mwingine huishi katika mashaka. Wameksiko weusi wamesimulia mara kwa mara jinsi maofisa wanavyowasimamisha njiani wakiwadhania wageni, na kuwataka waimbe wimbo wa taifa ili wathibitishe uraia. Haya huwapata katika nchi ambayo rais wake wa mwaka 1829, Vicente Guerrero, alikuwa na asili ya Kiafrika, na ndiye aliyetangaza mwisho wa utumwa mwaka huohuo. Jimbo la Guerrero limepewa jina lake.

Hapa ndipo nasita kuhusu sherehe za mashujaa. Shujaa anaweza kutukuzwa kwa karibu karne mbili, sanamu zake zikajaa viwanjani, na bado watu wa asili yake wakaonekana wageni katika jimbo lenye jina lake. Kutukuza hakutoshi, kwa sababu anayetukuza ndiye anayechagua akumbuke nini. Uwakilishi unadai zaidi: mtu aweze kusema kuhusu maisha yake bila kutakiwa kwanza athibitishe kwamba yupo. Ndicho walichokitafuta waliokutana El Ciruelo, Oaxaca, mwaka 1997, katika mkutano wa kwanza wa vijiji vya watu weusi. Miaka 22 ilipita kabla Katiba haijawatambua, mwaka 2019. Swali la sensa, kwa hiyo, halikuwa zawadi ya serikali. Wananchi ndio waliodai kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba swali lenyewe ndilo lililowaumba watu hawa, kwamba asili iliyosubiri karani wa sensa si asili ya kweli. Nimelipima wazo hilo kwa makini, na naliona linachanganya kuwapo na kutamkwa. Bibi yako huwa bibi yako hata kama nyumbani hakuna anayemtaja. Lakini kumtaja hubadilisha kitu: huwapa wajukuu ruhusa ya kuuliza alitoka wapi, na kwa nini alinyamaziwa. Katika sensa ile, mara nyingi mtu mmoja alijibu kwa niaba ya kaya nzima. Aliyesema ndiyo aliwasemea pia watoto wasioweza bado kujisemea. Siku moja wataulizwa wenyewe, na huenda baadhi yao watajibu tofauti, wakiwa wanajua wanachokikubali au wanachokikataa, jambo ambalo wengi katika vizazi vilivyowatangulia hawakupewa.