Mgema na Mnywaji: Maadili ya Uhakiki katika Kikundi Kidogo cha Waandishi

Mwandishi chipukizi anayejiunga na kikundi kidogo cha utunzi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hutafuta mambo mawili yanayoonekana kupingana: kutiwa moyo na kusahihishwa. Swali linalozuka hapo ni la kimaadili kabla halijawa la kifani. Je, mwanakikundi ana deni gani kwa mwenzake aliyesoma kazi yake mbele ya wote: upole au ukweli? Makala haya yanashikilia kuwa viwili hivyo hutengana pale tu mhakiki anapokuwa hana lolote la kupoteza.

Virginia Woolf, katika insha yake ya mwaka 1929, alidai kuwa mwanamke atakaye kutunga bunilizi hana budi awe na fedha na chumba chake mwenyewe. Kigezo hicho kingewaacha nje wakazi wengi wa Eastlands, ambako mitaa kama Kaloleni, iliyojengwa na utawala wa kikoloni katika miaka ya 1940, ina nyumba ndogo zinazobanana familia nzima. Palipokosekana chumba cha upweke, kikundi ndicho kilichokuwa chumba. Katika Dandora ya miaka ya 1990, vijana watatu wa Kalamashaka walitunga mashairi ya rapu kwa Kiswahili na Sheng. Wengine walikusanyika kuwazunguka, na kutokana na muungano wao na wenzao wa Mombasa likazaliwa kundi la Ukoo Flani Mau Mau. Kwa mtunzi wa lugha inayokatwa alama shuleni, kusikilizwa bila kudhihakiwa si anasa. Ni sharti la kuandika.

Hata hivyo, wahenga walionya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa karipio kwa mgema. Lakini yafaa kuuliza ni nani anayeumia. Anayesifu ndiye anayekunywa. Sifa ya bure humrudia ikiwa maji katika kata yake mwenyewe. Ndani ya kikundi kidogo, kila mmoja ni mgema wiki hii na mnywaji wiki ijayo. Anayemhadaa mwenzake kwa kuogopa kumuudhi hujinyima msikilizaji mkweli zamu yake itakapofika. Naye anayembeza hujiwekea kipimo atakachopimwa nacho.

Kanuni hii si ngeni. Katika majibizano ya kishairi, ambayo Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa bingwa wake mwanzoni mwa karne ya 19, aliyempinga mwenzake alijibu kwa beti, na hivyo kuiweka fani yake mwenyewe hadharani. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walisahihisha lugha ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walikuwa na haki hiyo kwa kuwa maneno hayo yangetoka vinywani mwao jukwaani. Leseni ya maonyesho ilipofutwa mwezi Novemba mwaka huohuo, hasara ilikuwa ya wote.

Lipo pingamizi zito. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki katika upweke wa kifungo, kati ya 1969 na 1972. Tena, kikundi kinachopendana huweza kuzoea ladha moja hata kikamnyamazisha aliye tofauti. Mfano wa Abdilatif unathibitisha kwamba mtu aweza kutunga peke yake, lakini hautoshi kuwa hoja ya kumtaka kila mtunzi apitie upweke huo. Na kasoro ya ladha moja hutibiwa kwa kumkaribisha mgeni, wala si kwa kuvunja kikundi.

Kwa hiyo, upole ulio wa kweli ni ule wa kurudi: kusikiliza rasimu ya pili ya kazi iliyokosolewa, kisha kuleta ya kwako ikosolewe. Hapo uhakiki wa vyuo vikuu unakabiliwa na swali gumu. Mhakiki wa kitaaluma huhukumu tembo ambalo hatalazimika kulinywa, la mgema ambaye hataketi naye juma lijalo. Anayetaka kuihakiki fasihi ya Eastlands ana deni la kuketi kwanza katika duara hilo, mpaka zamu yake ya kusoma ifike.