Mipaka ya Makabila katika Kitabu cha Yosue

Wakatekumeni wapendwa, isomwapo sura ya 15 ya Kitabu cha Yosue, wengi husinzia: mpaka wapanda hadi jiwe la Bohani, wapita penye chemchemi, wafika kilele cha mlima. Haya yaandikwa kwa nini katika Maandiko Matakatifu?

Watu wa Goma wapaswa kufahamu kuliko wengine. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulishuka kutoka mlima Nyiragongo hadi Ziwa Kivu, ukafunika nyumba, viwanja, hata kanisa kuu. Ulipopoa, pakabaki mwamba mweusi. Kiwanja cha nani kiliishia wapi?

Waisraeli walitoka utumwani, na mtumwa hana mpaka. Mungu alipotimiza ahadi aliyompa Abrahamu, aliitimiza kwa chemchemi na jiwe lenye jina, ili jamaa ndogo isimezwe na iliyo kubwa. Tazameni sura ya 17: mabinti watano wa Selofehadi, wasio na ndugu wa kiume, wadai fungu lao mbele ya Yosue, nao wapewa. (Wako mashemeji wa wajane ambao hawajaisoma sura hiyo.) Walawi hawakupewa nchi, maana fungu lao ni Bwana mwenyewe, lakini hata wao walitengewa miji 48 pamoja na malisho yake, ndani ya mipaka ya ndugu zao.